Masaji ya mafuta ya harufu: faida ipo, ila usiyapake kavukavu

Juzi kati hapa kwenye kitengo chetu cha tiba ya viungo, Tanga, alikuja mama mmoja goti linamuuma na ngozi ya juu imebabuka, kumuuliza anasema kanunua kichupa cha mafuta ya karafuu, kaambiwa ni dawa ya magoti, akamimina kiganjani akachua hivohivo usiku. Goti lenyewe ni kusagika tu kwa umri, kitu tunachokiona kila siku, lakini ikabidi tuhangaike na ngozi kwanza ndo turudi kwenye goti. Iliniuma sana, mana masaji ya mafuta ya harufu ni kitu kizuri na nakitumia kazini, ila watu wanauziwa kichupa bila maelezo.

Na sisi watu wa pwani haya mambo hatujayaanza jana. Biharusi anasingwa, yani anasuguliwa mwili kwa singo yenye karafuu na mawaridi, asumini zinawekwa kitandani, mzee akishikwa mgongo anachuliwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Ila bibi zetu walitumia ua lenyewe na karafuu yenyewe, kichupani mule kuna kitu kingine kabisa. Majani au maua yanapitishiwa mvuke wa maji, mvuke unabeba yale mafuta, ukipozwa yanajitenga na maji, mengi yanaelea juu, ya karafuu yanazama kwasababu ni mazito kuliko maji. Hapo ng'ambo Pemba mafuta ya makonyo, yani vikonyo vya karafuu, yanatolewa hivohivo. Ili upate kilo 1 ya mafuta ya waridi yanaingia maua zaidi ya kilo 3,000, sasa piga hesabu tone moja limebeba maua mangapi.

Faida zake ni hizi. Harufu ikiingia puani inafika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu, ndo mana ukinusa udi tu unakumbuka harusi ya miaka ishirini nyuma. Ukijumlisha na mikono inayochua taratibu, misuli inalegea, pumzi inatulia, mtu anapata usingizi. Tafiti zimefanyika kwa wagonjwa wa saratani, wanaosafishwa damu kwa ajili ya figo, wanawake wenye maumivu ya hedhi wanaochuliwa tumbo kwa mafuta ya lavenda, yale ya maua ya zambarau, na wengi walipata nafuu ya wasiwasi na maumivu. Ni nafuu ya muda lakini, haiondoi ugonjwa, na sehemu kubwa inatoka kwenye mikono yenyewe sio kwenye harufu peke yake, kuzitenganisha ni kazi mana mtu huwezi kumficha kwamba ananusa lavenda. Kwahiyo anayekwambia mafuta yanatibu saratani au presha uache vidonge, mkimbie.

Sasa kuchanganya, hapa naomba tusikilizane vizuri. Mafuta ya harufu hayapakwi peke yake, yanawekwa ndani ya mafuta ya kawaida, na sisi tunayo ya nazi na ufuta tele. Kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, yani mililita 30, weka matone 12 ya lavenda, yanatosha. Kwa uso au ngozi laini ya mzee weka nusu yake. Karafuu ni kali zaidi, ina kemikali inaitwa eujenoli, ileile wanayotumia madaktari wa meno, usizidishe matone 3 kwenye vijiko hivohivo viwili. Yule mama alipaka bila hata tone la nazi. Kabla ya kuchua paka kidogo kwa ndani ya mkono usubiri mpaka kesho, ikiwasha achana nayo. Ikikuchoma ushapaka tayari, usianze na maji matupu, futa kwanza kwa mafuta ya kula alafu ndo uoshe na sabuni.

Mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye ganda usipake alafu ukaenda kuogelea Raskazone mchana, jua linayageuza yanaunguza ngozi na kuacha madoa. Na kichupa kiwe cha kioo cheusi, kikae sehemu ya baridi, joto letu hili linayaharibu upesi na yakishachacha ndo yanaleta aleji.

Watoto wadogo usiwapake mkaratusi, mnanaa wala kafuri usoni au kifuani eti wana mafua, inaweza kuwabana pumzi. Mafuta haya hayanywewi. Mtoto akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali na kichupa chake mkononi, hata kama anaonekana mzima. Mjamzito aongee kwanza kliniki. Anayemeza warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda asichuliwe kwa nguvu, na hiyo karafuu aiache. Wenye sukari ambao miguu imekufa ganzi wasipakwe mafuta ya moto, hawatosikia wakiungua.

Na kuna moja linanisumbua kuliko yote. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma kwenye kigimbi, hasa kama umetoka kujifungua, umefanyiwa operesheni au umelala kitandani muda mrefu, usikubali mtu auchue, awe fundi wa masaji au shangazi yako. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kulitoa hilo bonge likapanda mpaka kwenye mapafu. Huo mguu uache kama ulivyo, tafuta usafiri uende hospitali siku hiyohiyo.