Muuguzi akiuliza "kwa nini", apewe nafasi ya kutafuta jibu

Muuguzi wa zamu ya usiku anabaini kuwa vidonda vya kulalia vinawapata zaidi wagonjwa wa upande mmoja wa wodi. Ni magodoro? Au vitanda vimebanana mno kiasi kwamba kuwageuza ni shida? Uuguzi wa kitaaluma huanzia hapo, kwenye swali linalozaliwa kando ya kitanda.

Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliuliza hivyo hivyo. Baada ya Vita vya Crimea (1853–1856) alichambua takwimu za vifo vya askari wa Uingereza na kuonyesha kwa michoro kuwa maradhi yanayozuilika yaliwaua wengi kuliko majeraha.

Tatizo ni kwamba swali la muuguzi wetu hufa kabla hakujapambazuka. Dawa za alfajiri zinasubiri, kengele zinalia, na yuko peke yake. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa. Muuguzi aliyeelemewa kiasi hicho atasoma makala za utafiti saa ngapi?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni muda, na muda huo uandikwe kwenye ratiba ya zamu kama kazi nyingine yoyote. Kumwambia muuguzi asome akifika nyumbani ni kumnyima muda huo kwa lugha ya upole. Majarida ya kitaaluma nayo yafunguke kwenye kompyuta ya wodi, na awepo mtafiti mzoefu wa kumsaidia kupanga swali lake.

Kisha kuna takwimu. Wauguzi hujaza fomu za maanguko, maambukizi na vidonda kila siku, zikapanda ofisini zisirudi tena. Zirudishwe kila mwezi, zibandikwe pale wanapokabidhiana zamu, waliozijaza wazijadili.

Lakini mazingira hayo hujengwa au hubomolewa zaidi na kiongozi wa wodi. Akijibu "hapa tumezoea hivi", mwenzake hatauliza tena. Akisema "tubadilishe magodoro ya vitanda vinne, tuhesabu vidonda kwa wiki sita", utafiti umeshaanza, na kesho yake muuguzi wa zamu ya mchana atataka kujua hesabu inakwendaje.