Je, wajua kwa nini Rais wa Kenya huapishwa Jumanne?

Uhuru Kenyatta aliapishwa tarehe 9 Aprili 2013, akaapishwa tena tarehe 28 Novemba 2017. William Ruto akafuata tarehe 13 Septemba 2022. Fungua kalenda ya simu yako uzitazame tarehe hizo moja moja: zote ni Jumanne. Hakuna mganga aliyepiga ramli. Siku hiyo imeandikwa katika Kifungu cha 141 cha Katiba ya 2010.

Wenzetu wengi wana tarehe. Marekani ni 20 Januari, Museveni wa Uganda huapa 12 Mei, na marehemu Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba mara zote mbili, 2015 na 2020. Kenya haina tarehe. Ina siku ya juma, na hesabu ya kuifikia siku hiyo.

Hesabu yenyewe ina njia mbili. Kama hakuna aliyekwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo, Rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo yatangazwe. Kama kesi ipo na mahakama ikathibitisha ushindi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi utolewe.

Tuchukue mwaka 2022. Matokeo yalitangazwa kwenye ukumbi wa Bomas, Nairobi, tarehe 15 Agosti. Siku ya 14 ikaangukia Jumatatu tarehe 29, kwa hiyo bila kesi Ruto angeapa kesho yake, tarehe 30 Agosti. Lakini mpinzani wake Raila Odinga na wengine walikwenda mahakamani, na majaji wakatoa uamuzi tarehe 5 Septemba. Ongeza siku saba, unapata Jumatatu tarehe 12. Jumanne inayofuata ni tarehe 13, na ndiyo siku uwanja wa Kasarani ulipofurika. Kesi ilisogeza sherehe kwa majuma mawili kamili.

Katiba haisemi kwa nini Jumanne na si Alhamisi. Inaelekea kuipenda tu siku hiyo, maana hata uchaguzi mkuu imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwangu mimi, ingekuwa hata Jumatano isingeniumiza kichwa. La maana ni zile siku 14 na zile saba. Zimewekwa za nini?

Jibu liko jioni ya Jumapili, 30 Desemba 2007. Watu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi wakati huo, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki mshindi, na haikuchukua muda Kibaki akaonekana kwenye bustani ya Ikulu akila kiapo mbele ya Jaji Mkuu Evan Gicheru, jua likizama, mbele ya wageni wachache. Aliyeshindwa hakuwa na hata usiku mmoja wa kumtafuta wakili. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000 na kufukuza malaki makwao.

Sheria ya wakati ule haikukataza haraka hiyo. Hata mwaka 2002 mambo yalikwenda mbio vilevile: kura zilipigwa 27 Desemba, na tarehe 30 Kibaki akaapishwa Uhuru Park. Tofauti ni kwamba mwaka ule hakuna aliyebisha. Kibaki aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta na shingo imeshikwa na kola baada ya ajali ya gari, na umati ukamrushia tope Moi, rais aliyekuwa akiondoka. Haraka ilikuwepo ila haikumchoma mtu.

Sasa soma Katiba ya 2010 pamoja na sheria ya 2012 inayohusu kuingia madarakani, uone zinavyoijibu jioni ile karibu neno kwa neno. Kiapo lazima kiwe hadharani. Kiliwe Nairobi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yaani jua la utosini. Siku hiyo ni ya mapumziko nchi nzima. Na aliyeshindwa ana siku saba za kuwasilisha kesi, mahakama nayo siku 14 za kuiamua. Katika muda huo wote rais anayeondoka bado ni rais, ila mikono imefungwa: hawezi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi, na hawezi kusamehe wafungwa.

Siku ikifika, Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye anayeongoza kiapo, Jaji Mkuu akishuhudia. Viapo ni viwili, cha utiifu na cha kutekeleza kazi ya urais, kisha Rais anatia saini. Uhuru aliapa akishika Biblia iliyotumika kumwapisha baba yake. Halafu ndipo inapokuja sehemu ambayo watoto huisubiri: anayeondoka anamkabidhi mwenzake upanga na nakala ya Katiba. Upanga ni alama ya Amiri Jeshi Mkuu. Watanzania wao humpa rais wao mkuki na ngao. Mizinga 21 hupigwa, na kama uko Kasarani au Roysambu madirisha yanakuambia kabla ya redio.

Jumanne imezoeleka kiasi kwamba hata kiapo kisicho halali kiliifuata. Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, hakukuwa na Jaji Mkuu wala upanga, na serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni. Ilikuwa 30 Januari 2018. Tazama kalenda tena.

Uchaguzi ujao, kwa hesabu ya Katiba, ni 10 Agosti 2027. Tuseme hakuna kesi. Matokeo yakitangazwa Jumatatu tarehe 16, siku ya 14 ni tarehe 30, na kiapo ni Jumanne tarehe 31 Agosti. Yakichelewa kwa siku moja tu, yakatangazwa Jumanne tarehe 17, siku ya 14 yenyewe inakuwa Jumanne. Na kwa kuwa Katiba inataka Jumanne inayofuata baada ya siku hiyo, itabidi kusubiri hadi tarehe 7 Septemba.