Talasi, mfupa wa kifundo cha mguu usio na msuli

Talasi ni mfupa gani?

Shika vile vinundu viwili vya kifundo cha mguu, cha ndani na cha nje. Talasi imebanwa katikati yake: juu umekaa mfupa wa muundi, chini kuna kisigino. Uzito wote unaoshuka mguuni hupitia hapo. Ajabu yake, hakuna msuli hata mmoja ulioshikizwa kwenye mfupa huu, na zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika mifupa kwenye maungio.

Mbona ukivunjika unachelewa kupona?

Ni gegedu hiyo hiyo. Mishipa ya damu haiwezi kuitoboa, kwa hiyo inajipenyeza kwenye sehemu chache zilizobaki wazi, hasa shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hukatika na sehemu ya juu ya mfupa inaweza kufa, hata kama ngozi haina mkwaruzo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, marubani walioanguka na ndege zao waliumia hivi mara nyingi, na madaktari Waingereza wakaliita jeraha hilo kwa jina la kazi ya marubani hao. Leo wanaoumia ni wa pikipiki, na walioanguka kutoka juu ya mti au jengo.

Nitajuaje kama nimeteguka tu?

Kwa macho hutajua, maana vyote viwili huvimba. Ukishindwa kwenda hatua 4, au ukibonyeza vile vinundu ukaruka kwa maumivu, nenda kapige eksirei. Maumivu yakiendelea wiki kadhaa wakati picha ilionekana safi, rudi; nyufa za talasi hujificha, na pengine itahitajika sitiskani (CT scan), picha ya eksirei ya kina zaidi. Na tafadhali, mguu usikandwe wala kuvutwa kabla ya picha. Vipande vilivyokuwa vimetulia huachana hapo.

Wanyama nao wanayo?

Wengi wanayo. Ya mbuzi, kwenye mguu wa nyuma, ina umbo la roda (gurudumu lenye mfereji wa kamba) juu na chini, ndiyo maana mguu wake unakunjuka mbele na nyuma bila kupinda pembeni. Mwaka 2001 wataalamu walieleza visukuku vya nyangumi wa kale kutoka Pakistani, waliokuwa bado na miguu, na talasi zao zilikuwa na roda hizo hizo mbili. Nyangumi, kumbe, ni ndugu wa kiboko na mbuzi.

Kwa kuku usiitafute peke yake. Imeungana na muundi: ni sehemu ya kile kinundu unachokitafuna mwishoni mwa mguu.

Na watu wa kale?

Mguu wa kushoto uliopatikana Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 una umri wa takriban miaka milioni 1.8. Vidole havipo, ila talasi ipo, na ina alama za meno zinazodhaniwa kuwa za mamba.