Dawa za kunyamazisha jeni: maswali ya Kibosho na majibu yake

Jumamosi moja asubuhi hapa Kibosho, Kilimanjaro, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni. Mume wake ana miaka 46. Mikono haitulii, mabega yanaruka yenyewe, na siku hizi kikombe chake cha chai kinajazwa nusu tu, la sivyo chai yote inaishia kwenye shati. Kijana wao anayesoma Arusha amepiga simu akisema Ulaya wamepata dawa ya "kuzima jeni" ya ugonjwa wa namna hiyo. "Sista, ni kweli, au ni maneno ya kwenye simu?"

Nilianza kumjibu, wengine wakasogea, tukakaa mpaka saa sita. Waliobaki na maswali waliniachia vikaratasi. Mimi ni muuguzi, na majibu haya nimeyaandika kwa ajili yao na kwa yeyote anayemuuguza nyumbani mtu mwenye ugonjwa wa ubongo au wa mishipa ya fahamu.

Ni kweli dawa hiyo ipo?

Kuna ukweli ndani yake, mama yangu. Naamini kijana wako alisikia habari za Septemba 2025. Kampuni ya uniQure ilitangaza matokeo ya tiba ya ugonjwa wa Huntington, ambao huanza na mwili kuchezacheza bila mtu kutaka, kisha huharibu mwenendo, kumbukumbu na kumeza. Wagonjwa 12 waliopata dozi kubwa walifuatiliwa kwa miaka 3, na ugonjwa wao ulikwenda polepole kwa asilimia 75 ukilinganisha na wagonjwa wengine wa hali yao ambao hawakupata tiba hiyo. Nilipoisoma nilifurahi sana, kwa sababu nimewauguza watu wenye ugonjwa huu na sikuwahi kuwa na kitu cha kuwapa cha kuupunguza mwendo.

Lakini sikiliza vizuri. Watu 12 ni wachache. Tiba yenyewe inaingizwa kwa upasuaji wa ubongo wa saa nyingi, na waliotangaza ni wenye dawa wenyewe. Tena, kwenda polepole si kupona.

Jeni inanyamazishwaje? Wanaikata?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Sisi wa mlimani tunaijua mifereji ya wazee wetu. Maji yanachepushwa mtoni huko juu, yanapita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo hadi jingine, kila mtu na zamu yake. Zamu yako ikiisha, mdomo wa mfereji unazibwa kwa udongo na magogo ya mgomba. Mto haujaguswa, unaendelea kutiririka. Ila shamba la chini halipati maji.

Jeni ni kama huo mto. Imo ndani ya kiini cha seli, na yenyewe haitoki humo. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, inatoa nakala ya maagizo ya jeni hiyo. Nakala hiyo inaitwa RNA, nayo ndiyo mfereji: inabeba maagizo mpaka mahali protini inapotengenezwa. Jeni ikiwa na kasoro, nakala zake zinabeba kasoro ileile, na protini mbovu inajazana kwenye seli za ubongo mpaka zinakufa. Dawa ya kunyamazisha inaiacha jeni ilivyo na kuishughulikia nakala.

Inaijuaje nakala moja kati ya maelfu? Herufi za RNA ni nne tu, na kila moja ina mwenzake wa kushikana naye. Wanasayansi wanatengeneza kipande kifupi, cha herufi 20 hivi, kilichopangwa kishikane na nakala za jeni ile inayolengwa peke yake. Kikishashikana nayo, vimeng'enya vya seli yenyewe vinaikatakata. Maana yake seli inafanya kazi ya kukata kwa vifaa vyake, dawa inaonyesha tu pa kukata.

Njia mojawapo ya kazi hii ilifahamika kupitia minyoo midogo sana. Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani waliichapisha mwaka 1998, na mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na kama vile udongo wa kwenye mfereji unavyomomonyoka usipourudishia, dawa nyingi za aina hii zinaisha mwilini, hivyo mgonjwa anarudia sindano kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Ile ya uniQure ni tofauti: virusi visivyodhuru vinapeleka ndani ya seli za ubongo maagizo ya kutengeneza kizibo chenyewe, ili kazi ifanyike mara moja tu.

Baba yangu alikufa na ugonjwa wa kuchezacheza, na shangazi pia. Watu wanasema ukoo wetu umelaaniwa. Na mimi nitaupata?

Mwanangu, karatasi yako niliisoma mara tatu. Ukoo wenu haujalaaniwa. Kama ugonjwa huo ni Huntington, chanzo chake kinajulikana tangu mwaka 1993: katika kromosomu ya nne, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, kuna jeni ambamo herufi tatu, C, A na G, zinajirudia. Kwa watu wengi zinajirudia chini ya mara 36. Zikifika 40 au zaidi, mtu huupata ugonjwa akijaliwa umri wa kutosha, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi jeni hiyo. Asiyeirithi hawezi kuwapa watoto wake. Kwa hiyo "nitaupata?" haina jibu mpaka upimwe damu, na kupima ni hiari yako wewe mtu mzima, baada ya kukaa na mtu wa kukushauri. Usikubali kusukumwa, hata na mchumba. Na watoto wadogo wasio na dalili hawapimwi, wanasubiri wakue waamue wenyewe.

Nasema "kama ni Huntington" kwa makusudi. Mwili unaweza kuchezacheza kwa sababu nyingine pia, na baadhi zinatibika kabisa.

Nimesikia dawa hizi zinachomwa uti wa mgongo. Si ndiyo sindano inayoua?

Vikaratasi vinne vilikuja na swali hili hili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ubongo una ulinzi. Kuta za mishipa midogo ya damu kichwani zimebana sana, na vipande hivi vya dawa ni vikubwa mno kupenya. Ukivichoma mkononi vinaishia zaidi kwenye ini na figo. Ndiyo maana kwa magonjwa ya ubongo wenyewe dawa inawekwa kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mlango rahisi wa kuyafikia uko kiunoni.

Kinachofanyika ni hiki. Mgonjwa analala kwa ubavu, magoti ameyavuta kifuani, kidevu chini, kama mtoto tumboni. Muuguzi anamshikilia kwa mbele, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya magoti, huku akizungumza naye. Nimewashika wengi hivyo, na najua mtu anavyobana pumzi akisikia spiriti ya baridi mgongoni. Daktari anapapasa mifupa, anachoma ganzi, kisha anapitisha sindano nyembamba katikati ya pingili za chini. Uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima unaishia juu zaidi ya hapo, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo sindano haiuchomi. Halafu maji yanaanza kutoka, tone, tone, meupe kama ya chemchemi. Wengine wanaumwa kichwa siku moja mbili baadaye, hasa wakikaa wima. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo, na ndiyo maana kazi hii inafanyika hospitalini kwa vifaa safi.

Sasa kwa nini tunaamini inaua? Kwa sababu huku kwetu tumeizoea katika kupima homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa wa homa hiyo mara nyingi analetwa siku ya nne au ya tano akiwa hajitambui. Anachomwa asubuhi, anafariki jioni, na ndugu wanakumbuka sindano. Kilichomuua ni homa. Naomba tulielewe hili hata kama hakuna atakayewahi kupata dawa ya jeni, kwa sababu kila mwaka wapo wanaokataa kipimo hiki na kupoteza mtu ambaye angepona.

Ni dawa zipi zimekwisha kuruhusiwa?

Ya kwanza ya njia ile ya Fire na Mello ni patisiran, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018. Inatibu ugonjwa wa kurithi ambapo protini ya kutoka kwenye ini inaganda kwenye neva, mtu anakufa ganzi miguuni na kushindwa kutembea. Kwa kuwa protini hiyo inatengenezwa kwenye ini, dawa inapita kwenye mshipa wa damu tu, haihitaji mgongo.

Mwaka 2023 ikaja tofersen, inayochomwa mgongoni, kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Inawafaa wale tu ambao kasoro yao iko kwenye jeni ya SOD1, na hao ni karibu wagonjwa 2 katika kila 100 wa ALS. Wengine 98 haiwasaidii.

Nusinersen ya mwaka 2016, ya watoto wanaozaliwa na misuli inayolegea kwa kukosa protini ya neva, watu huiweka kundi hili, lakini yenyewe hainyamazishi. Inaifanya nakala isomeke vizuri ili protini ipatikane zaidi. Ni ndugu yao, si pacha wao.

Kuna zilizoshindikana?

Zipo. Iliyoumiza wengi ni tominersen, ya Huntington. Machi 2021 kampuni ya Roche ilisimamisha kuwapa wagonjwa dawa hiyo katika jaribio kubwa, kwa sababu waliochomwa mara kwa mara zaidi, kila wiki ya nane, walionekana kuwa na hali mbaya kuliko waliopewa sindano isiyo na dawa. Rudi kwenye mfereji wetu. Mgonjwa wa Huntington ana jeni mbili, moja mbovu na moja nzima, na dawa hii ilikuwa inaziba mifereji yote miwili. Shamba linalohitaji maji nalo likanyimwa. Kama hiyo ndiyo sababu yote au la, watafiti wanaendelea kuchambua, na mwaka 2023 walianza jaribio jingine la dozi ya nafasi ndefu kwa wagonjwa walio mwanzoni mwa ugonjwa. Nawaheshimu mno waliojitolea mara ya kwanza.

Babu yangu wa Machame anatetemeka mkono. Atafaidika?

Kwa sasa hapana, na huenda hazihitaji. Kutetemeka mkono ukiwa umetulia mapajani kunafanana na ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson, na wagonjwa wengi wa Parkinson hawana jeni moja ya kulaumiwa. Ila Parkinson ina dawa, levodopa, ya kumeza, ya miaka mingi. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Walidhani ni uzee. Mpeleke babu akaonwe.

Kifafa na kiharusi cha kawaida, jibu ni hilo hilo: dawa za jeni hazihusiki, za kawaida zipo, na zinataka kumezwa kila siku.

Arusha nimeuziwa chupa ya "kusafisha jeni za ubongo", kunywa vijiko viwili kutwa mara tatu.

Acha kuinywa. Dawa zote za kunyamazisha nilizotaja hapa zinaingia mwilini kwa sindano au kwa upasuaji, kwa sababu vipande vile ukivimeza tumbo linavimeng'enya kama chakula. Nimekasirika kusoma kwamba uliuza mbuzi kwa ajili ya chupa hiyo.

Bei yake?

Nusinersen ilipotoka Marekani ilitajwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza na 375,000 kwa kila mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza peke yake ni karibu shilingi bilioni mbili. Hazimo kwenye maduka ya dawa ya Moshi wala Arusha, na sitamdanganya mtu kwamba akiuza kihamba atazipata.

Basi sisi tufanye nini?

Tafuteni jina la ugonjwa. Dawa hizi zinatengenezwa jeni kwa jeni, kwa hiyo asiyejulikana anaumwa nini hata jaribio la utafiti haliwezi kumfikia. Na jina likijulikana, mazoezi ya viungo, chakula laini kisichompalia na dawa za kutuliza mwili vinaanza leo, bila kusubiri Ulaya.

Mkienda hospitali ya rufaa kama KCMC, nendeni na vitu viwili. Cha kwanza ni video ya simu ya dakika moja: mgonjwa akitembea, akishika kikombe, akizungumza. Cha pili ni karatasi ya ukoo. Andikeni wazazi, babu na bibi, baba wadogo, mashangazi: nani alikufa na umri gani, alikuwa anatembeaje, alibadilika tabia lini. Waulizeni wazee wangali hai.

Yule mama wa kikombe nusu alirudi Jumamosi iliyofuata na karatasi yake, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Majina kumi na moja. Pembeni ya jina la baba mkwe wake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Walisema mlevi. Mama mkwe anasema hakuwahi kuonja hata mbege."