Jipu lisilotoa usaha kwenye mguu wa matende

Mama mmoja wa miaka sabini na kitu aliletwa kliniki na binti yake. Mguu wa kushoto umevimba tangu huyo binti yuko shule ya msingi. Huku pwani jina lake kila mtu analijua: matende. Lakini uvimbe haukuwa umemleta, alishauzoea. Kilichomleta ni vinundu vitatu juu ya muundi, vyekundu vya kuelekea zambarau, kimoja kama nusu ya ndimu. Zahanati moja ilikuwa imekipasua mara mbili ikidhani ni jipu. Ikatoka damu, usaha hakuna.

Hapo ndipo pa kushtuka. Jipu huwa la moto na huuma. Hiki nilikibonyeza kwa kidole: kigumu kama mpira, na mama hata hakukunja uso.

Nikakata kipande, kikaenda maabara. Kwa mguu wa namna hii wazo langu la kwanza ni anjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu na limfu ambayo madaktari Stewart na Treves waliieleza mwaka 1948 kwa wanawake sita waliovimba mikono baada ya kuondolewa titi. La pili ni Kaposi, saratani nyingine inayotoa vinundu kwenye ngozi, ambayo kwetu si ngeni, na yenyewe inaweza kuvimbisha mguu. Majibu yakaniumbua: limfoma ya ngozi, yaani saratani ya chembe za kinga, hapa zile ziitwazo chembe B, kubwa, aina inayopendelea miguu ya wazee. Kwa macho matupu nisingeweza kuzitofautisha.

Kwa nini itokee hapo? Limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye nyama za mwili kwa mishipa yake yenyewe, si maji tu. Inabeba chembe za kinga kutoka kwenye ngozi hadi tezi za kinenani, ambako hupewa taarifa za adui. Njia ikiziba, kama kwenye matende, chembe hizo hukwama, ngozi hubaki imechokozwa miaka nenda rudi, na chembe iliyoasi haikamatwi. Ndivyo wengi wetu tunavyolieleza. Visa vyenyewe ni vichache mno, kwa hiyo mwenye matende asikose usingizi; kinundu kipya tu ndicho kisingojewe.

Tulipima mwili mzima, kwingine hakukuwa na kitu. Akaanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, pamoja na rituksimabu, dawa inayolenga chembe B, kila wiki tatu, dripu ikiwekwa mkononi, kamwe si kwenye mguu ule. Kufikia dripu ya tatu vinundu vilikuwa vimesinyaa. Mguu wenyewe haujanywea. Binti anaufunga bandeji kila alfajiri kabla mama hajashuka kitandani.