Ute ukeni siyo lazima uwe ugonjwa

Wengi tumekua tukiambiwa ute ukitoka ukeni ni uchafu au fangasi, basi mtu anajiosha mpaka ndani na sabuni, limao au shabu. Jamani uke unajisafisha wenyewe, una bakteria wazuri wanaotunza asidi yake, ukijiosha ndani unawaondoa na maambukizi yanapata nafasi. Ute mweupe au usio na rangi, usiowasha, ni kawaida kabisa, na katikati ya mzunguko unavutika kama ute wa yai bichi, ukiushika kwa vidole viwili unaona.

Angalia mabadiliko yako wewe, sio ya shoga yako, fuatilia miezi miwili mitatu. Mzito kama maziwa mgando na unawashwa, mara nyingi hiyo ndo fangasi. Wa kijivu, mwepesi, una shombo ya samaki hasa baada ya tendo, hapo kawaida ni bakteria wabaya wamezidi na dawa ya fangasi haisaidii. Wa njano au kijani wenye povu huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa, na mwenzako lazima atibiwe pia. Dalili zinafanana sana kwa hiyo pima kabla hujanunua dawa, na kama una homa, maumivu chini ya kitovu au ni mjamzito usisubiri, nenda zahanati leo.