Kwa nini misimu ya Kirusi, yaani maneno ya mitaani, huwatoa jasho wafasiri wa Kiingereza?

Oktoba 2011, Mahakama Kuu ya London ilianza kusikiliza kesi ya matajiri wawili wa Kirusi. Boris Berezovsky alikuwa akimdai Roman Abramovich, wakati huo mmiliki wa Chelsea, zaidi ya dola bilioni 5, akisema walikuwa wabia katika kampuni ya mafuta ya Sibneft. Abramovich, aliyetoa ushahidi kwa Kirusi kupitia mkalimani, alikana. Alikiri kwamba alimpa Berezovsky pesa nyingi mno, ila hazikuwa gawio la mbia. Alikuwa akilipia *krysha*.

*Krysha* ni paa la nyumba. Lakini katika Urusi ya miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti ukiwa umevunjika na polisi hawategemeki, mwenye kioski na mwenye kiwanda wote walihitaji mtu wa kuwalinda, na mlinzi huyo ndiye aliyeitwa paa. Aliweza kuwa genge linalopita kukusanya chake kila mwezi. Aliweza kuwa ofisa wa usalama anayejiongezea kipato. Aliweza pia kuwa mkubwa mwenye kusikilizwa Ikulu, ambaye simu yake moja inamaliza tatizo lako la leseni. Wote hao ni *krysha*.

Sasa mweke mkalimani hapo. Akisema "ulinzi" kwa Kiingereza, msikilizaji anafikiria kampuni ya walinzi wa getini. Akichagua neno la wahuni wanaotoza wafanyabiashara kwa nguvu, ameshamtia Berezovsky kwenye ujambazi kabla jaji hajaamua. Akichagua "ufadhili wa kisiasa", ameisafisha biashara yote. Kirusi kinamruhusu msemaji aziache maana hizo zikae pamoja. Kiingereza kinamtaka achague, na kila chaguo linavutia kesi upande mmoja. Hata sisi tunaosema fulani "anamkingia kifua" mwenzake tunakaribia tu, kwa sababu kukingia kifua hakuna bei ya kila mwezi. Mahakama ililiacha neno kama lilivyo na kulieleza. Jaji Elizabeth Gloster alipotoa hukumu tarehe 31 Agosti 2012, *krysha* ilikuwamo ndani yake kwa Kirusi chake. Berezovsky alishindwa.

Mkanganyiko huu haukuja kwa bahati mbaya. Sehemu kubwa ya misimu ya Kirusi imetoka katika *fenya*, lugha ya wezi na wafungwa, ambayo jina lake linahusishwa na *ofeni*, wachuuzi waliozunguka vijijini zamani wakiwa na lugha yao ya siri ili mnunuzi asijue wanapanga nini. Lugha ya namna hiyo huchukua neno la kawaida kabisa na kulificha jambo ndani yake, kama vile "unga" kwetu unavyoweza kuwa wa ugali au wa dawa za kulevya. Kambi za wafungwa za enzi za Stalin ziliwachanganya wezi na walimu, wahandisi na wakulima, wakazungumza pamoja kwa miaka. Stalin alipofariki Machi 1953, msamaha uliotolewa mwezi huohuo uliwaachia watu zaidi ya milioni 1. Walirudi viwandani na mitaani na maneno yao. Ndiyo maana leo profesa wa Moscow anaweza kutumia neno la jela bila yeyote kushtuka, na mfasiri hana budi kupima kila mara: je, hapa bado linanuka jela, au limeshazoeleka?

Swali hilo liliwakabili wanahabari wa dunia nzima tarehe 24 Septemba 1999. Vladimir Putin, wakati huo waziri mkuu, alikuwa Astana, Kazakhstan, huku ndege za Urusi zikiushambulia mji wa Grozny, makao makuu ya jimbo la Chechnya. Alisema magaidi watafuatwa popote, na wakikutwa chooni, basi humo humo chooni "tutawalowesha". Kitenzi chake, *mochit*, ndicho mama anachotumia kwa kuloweka maharage au nguo. Kwa wezi ni kuua, kwa sababu damu hulowanisha. Mauaji kwao ni "kazi ya majimaji". Hata choo alikiita *sortir*, neno la kihuni kidogo.

Warusi walisikia tishio, wakasikia sauti ya uani, na wakasikia pia kwamba kiongozi ameamua kuongea hivyo hadharani makusudi. Mfasiri anayeandika "tutawaua" amelinda habari na kumpoteza msemaji. Anayeandika "tutawalowesha" hajaeleweka. Wapo waliokimbilia misimu ya majambazi wa Marekani, na kwangu hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote: msomaji anamwona waziri mkuu wa Urusi amevaa kofia ya jambazi wa Chicago.

Kuna pia msemo ambao hata Warusi wenyewe hawaukamati sawasawa. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya Kimarekani katika bustani ya Sokolniki mjini Moscow, kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev alimwambia makamu wa rais wa Marekani Richard Nixon kwamba watawaonyesha Wamarekani "mama yake Kuzka". Kwa Warusi wengi hilo ni tishio la mtaani, karibu na "mtanitambua". Neno kwa neno, Mmarekani anabaki kujiuliza Kuzka ni nani. Lakini Viktor Sukhodrev, mkalimani wa Khrushchev wa miaka mingi, alieleza baadaye kuwa Khrushchev mwenyewe aliukusudia kwa namna nyingine: tutawaonyesha kitu ambacho hamjawahi kukiona. Hapo mkalimani anayeijua lugha vizuri ndiye angekosea, maana angetafsiri maana ya taifa badala ya maana ya mtu. Oktoba 1961 Wasovieti walipolipua juu ya visiwa vya Novaya Zemlya bomu la nyuklia la takriban megatani 50, kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, likapachikwa jina hilohilo la mama yake Kuzka, na kwa bomu hilo maana zote mbili zilikuwa kweli.